Vumbi la Machi, Barua ya Desemba: Uchambuzi wa Kisa cha Utafiti wa Sumu ya Risasi kwa Watoto

Majina ya watoto, wazazi, watafiti na taasisi yameondolewa. Mji, miaka na vipimo vimeachwa kama vilivyo kwenye kumbukumbu za mahakama, maana bila hivyo kisa hakieleweki. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu tunaoingia majumbani mwa watu kupima uchafuzi: vumbi, maji, udongo, damu, mkojo. Anayepima nyumba ya mtu huondoka na habari ambayo wakaaji wa nyumba hiyo hawana. Kisa hiki kinahusu muda ambao habari ya namna hiyo ilikaa kwenye jalada, na kilichompata mtoto katika muda huo.

Usuli

Tuko Baltimore, jimbo la Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni mji wa bandari wenye mitaa mirefu ya nyumba za matofali zilizoshikana ukuta kwa ukuta, nyingi zikiwa zimejengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Enzi hizo rangi za mafuta zilitiwa madini ya risasi ili zikauke haraka na zistahimili mvua na jua. Mji ulipiga marufuku rangi hiyo ndani ya nyumba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 serikali ya Marekani ikaipiga marufuku nchi nzima. Rangi iliyokwisha kupakwa ilibaki pale pale ukutani, ikizeeka na kubanduka.

Wengi hudhani mtoto hupata sumu kwa kula magamba ya rangi. Wapo wanaokula kweli, ila njia kubwa ni vumbi. Dirisha la kizamani la nyumba hizo ni la kupandisha na kushusha. Kila likisukumwa, mbao mbili zenye rangi husuguana, na unga laini hudondokea kwenye ufa wa chini wa fremu. Mtoto wa mwaka mmoja na kitu, anayejifunza kusimama, hushika kingo hiyo ya dirisha kwa sababu iko usawa wa kifua chake na kwa sababu nje kuna vitu vya kutazama. Kisha mkono unaingia mdomoni. Hafanyi hivyo mara moja kwa siku; anafanya hivyo siku nzima. Utumbo wa mtoto mdogo unaweza kufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, wakati mtu mzima hufyonza kama sehemu moja ya kumi tu. Risasi hukaa kwenye damu kwa wiki kadhaa, kisha sehemu yake huhamia kwenye mifupa na kukaa humo miaka mingi. Wakati wote huo ubongo unajengeka, na risasi huharibu ujenzi huo: uwezo wa kujifunza, wa kutulia, wa kuzuia hasira. Mtoto mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Anacheza kama kawaida.

Kipimo chake ni mikrogramu za risasi katika desilita moja ya damu. Mwaka 1991 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilishusha kiwango cha kutia wasiwasi hadi 10. Kuanzia 20 ilishauri mtoto achunguzwe na daktari na nyumba yake ikaguliwe ili chanzo kijulikane. Kuanzia 45 huanza kuzungumzwa dawa za kuitoa risasi mwilini. Leo kiwango cha kuangaliwa kimeshushwa hadi 3.5, na hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama kwa mtoto.

Waliokuwa wakiumia zaidi Baltimore walikuwa watoto wa wapangaji maskini, wengi wao Wamarekani weusi. Kuondoa rangi yote kwenye nyumba moja kuliweza kugharimu kupita thamani ya nyumba yenyewe, na baadhi ya wenye nyumba waliona heri kuzifunga au kuzitelekeza. Tena kazi ya kuondoa rangi ilikuwa ikifanywa vibaya: mafundi waliichoma kwa moto au kuisugua kwa msasa, vumbi likajaa nyumba nzima, mtoto akarudi na damu yake ikapanda kuliko mwanzo. Waliolionyesha jambo hilo kitaalamu walikuwa watafiti wa taasisi hii hii tutakayoizungumzia. Hawa walikuwa watu waliotumia maisha yao ya kazi kupigana na sumu ya risasi kwa watoto, na hilo lisisahaulike tunapoendelea.

Utafiti ulivyopangwa

Swali lao lilikuwa la maana sana. Kama hatuwezi kuondoa rangi yote katika kila nyumba, je, matengenezo ya bei nafuu yanaweza kupunguza vumbi kiasi cha kumlinda mtoto? Na nafuu kiasi gani bado inatosha?

Fedha zilitoka kwa mashirika ya serikali kuu, likiwamo lile la kulinda mazingira, EPA. Nyumba ziligawanywa makundi matano. Kundi la kwanza lilitengenezwa kwa gharama isiyozidi dola 1,650: kukwangua kwa maji rangi inayobanduka, kupaka upya palipohitajika, kusafisha kwa mashine ya kunyonya vumbi laini, kuweka kitambaa cha kufutia miguu mlangoni. Kundi la pili, hadi dola 3,500, liliongezewa kulainisha sakafu ili ifutike vizuri na kurekebisha madirisha na milango isisuguane. Kundi la tatu, dola 6,000 hadi 7,000, lilibadilishiwa madirisha. La nne lilikuwa la nyumba zilizowahi kuondolewa rangi kabla, na la tano la nyumba za kisasa zisizo na rangi hiyo, kwa ajili ya kulinganisha. Kwa jumla zilikuwa nyumba zaidi ya 100.

Vumbi lilikusanywa kwa mashine, na damu ya watoto ikapangwa kupimwa mwanzoni na kisha kwa vipindi kwa miaka miwili. Hapo ndipo penye uzito wa kisa. Vumbi peke yake lingeweza kuonyesha kwamba nyumba imekuwa safi zaidi. Lakini watafiti walitaka kujua kama usafi huo unamfikia mtoto, na kifaa pekee cha kujulia hilo ni mtoto mwenyewe. Kwa hiyo nyumba zilihitaji kuwa na watoto wadogo ndani. Wenye nyumba waliosaidiwa fedha za matengenezo walihimizwa kupangisha familia zenye watoto wa umri huo.

Fomu ya ridhaa ilisema kwamba risasi ni tatizo la watoto wa Baltimore, kwamba nyumba itafanyiwa matengenezo maalumu, na kwamba matengenezo hayo hayakusudiwi wala hayatarajiwi kuondoa risasi yote. Iliahidi kumpa mzazi majibu ya damu ya mtoto wake. Iliahidi pia kwamba watafiti watawasiliana naye kujadili muhtasari wa vipimo vya nyumba na hatua anazoweza kuchukua kupunguza hatari. Mzazi angelipwa dola 5 kwa dodoso la kwanza na dola 15 kwa kila dodoso kamili la baadaye, na vipimo vyote vingekuwa bure. Hakuna mahali palipoelezwa kwa uwazi kwamba kupanda au kushuka kwa risasi kwenye damu ya mtoto ndiko kungekuwa rula ya kupimia ubora wa matengenezo.

Kilichotokea

Familia ya kwanza, nitakayoiita Familia A, ilikuwa ikiishi kwenye nyumba yake tangu mwaka 1990. Binti alizaliwa humo mwaka 1992. Tarehe 9 Machi 1993 watafiti walikusanya vumbi nyumbani hapo. Tarehe 10 Machi fomu ya ridhaa ilitiwa saini.

Tarehe 9 Aprili mtoto alitolewa damu. Jibu lilikuwa 9, chini kidogo ya kiwango cha wasiwasi cha wakati ule, na mama akaandikiwa barua.

Vumbi la Machi lilipopimwa lilionyesha sehemu kadhaa za nyumba zenye risasi nyingi kuliko inavyoweza kukutwa kwenye nyumba iliyokarabatiwa kikamilifu. Mama hakuambiwa.

Majira ya joto yakapita. Mtoto akawa anatembea.

Tarehe 15 Septemba alitolewa damu tena. Jibu lilikuwa 32. Barua ya jibu hilo ilimfikia mama mwisho wa mwezi huo, ikiwa na tarehe ya 29 Septemba. Majibu ya damu, tofauti na ya vumbi, yalikuwa yakirudi mapema.

Tarehe 16 Desemba 1993 mama alipewa habari ya sehemu zile zenye vumbi la risasi. Ilikuwa zaidi ya miezi tisa tangu vumbi likusanywe, na miezi mitatu tangu damu ya mtoto iruke kutoka 9 hadi 32.

Machi 1994 kipimo cha tatu kilikuwa 22. Majira ya joto ya mwaka huo mama na mtoto walihama.

Familia ya pili, Familia B, ilikuja kwa njia nyingine. Ilihamia mwaka 1994 kwenye nyumba iliyokuwa tayari ndani ya utafiti. Mtoto wao wa kiume naye alionekana na risasi nyingi kwenye damu. Dai la mama huyo lilikuwa kwamba hakuelezwa kwa ukamilifu, wala kwa wakati, yale ambayo watafiti walikwisha kuyajua kuhusu risasi katika nyumba ile.

Maamuzi na sababu zake

Tunaposoma mfuatano huo ni rahisi kuona ukatili. Mimi sioni ukatili, na nadhani mtafiti anayetaka kujifunza kitu lazima aanzie hapo, maana maamuzi yaliyomfikisha mtoto kwenye 32 ni ya kawaida kabisa, ya aina tunayoyafanya katika miradi yetu kila mwaka.

Uamuzi wa kwanza ni kuacha risasi kiasi fulani ndani ya nyumba kwa makusudi. Sababu yake ilikuwa ya kweli: fedha za kuondoa yote hazikuwapo, na nyumba jirani ambazo hazikuwa kwenye utafiti hazikuguswa kabisa. Mtafiti aliweza kusema kwa dhati kwamba hakuna mtoto anayewekwa kwenye hali mbaya kuliko ile ya mtaa mzima.

Wa pili ni kuingiza watoto wazima, wasio na sumu, na kuangalia damu yao inakwendaje. Bila hao swali lisingejibika.

Wa tatu ni wa kamati ya maadili ya utafiti. Kanuni za Marekani za tangu mwaka 1983 zinaruhusu mtoto aingizwe kwenye utafiti usiomletea faida pale tu hatari inapokuwa ndogo sana au inapozidi kidogo tu udogo huo. Watoto wa nyumba za kisasa, wale wa kulinganisha, hawakuwa na faida yoyote ya wazi. Kamati iliwaandikia watafiti na kuwapendekezea namna ya kulieleza jambo hilo ili ionekane kwamba nao wananufaika, kwa mfano kwa kujua kama nyumba salama peke yake inatosha kumkinga mtoto. Nimeirudia mara nyingi sehemu hiyo ya hukumu ya mahakama, nitakayoieleza hapa chini. Chombo kilichowekwa kumlinda mtoto kilikuwa kinasaidia kutafuta maneno ya kupitishia mpango.

Uamuzi wa nne hauonekani popote kama uamuzi. Hakuna aliyekaa akasema vumbi la Machi lisipelekwe kwa mama hadi Desemba. Sampuli za vumbi zilikwenda maabara, zikapimwa kwa ratiba yake, majibu yakaingia kwenye kumbukumbu za utafiti pamoja na ya nyumba nyingine. Wakati huo hakukuwa hata na kiwango cha taifa cha risasi kwenye vumbi la nyumbani. EPA ilikiweka Januari 2001. Kwa hiyo hapakuwa na namba ambayo, ikivukwa, mtu fulani analazimika kuinua simu. Fomu ilisema mzazi atajulishwa, ila haikusema lini. Na pale ambapo mpango haujataja siku, ratiba ya mradi ndiyo huamua.

Mahakamani

Familia zote mbili zilishtaki taasisi. Mahakama ya chini ilizitupa kesi bila kusikiliza ushahidi kwa ukamilifu, ikisema kwa mujibu wa sheria mtafiti hana wajibu wa kumwonya mshiriki kwa namna ile. Mzazi hakuwa mgonjwa wake, na nyumba haikuwa yake.

Tarehe 16 Agosti 2001 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Maryland ilibatilisha uamuzi huo na kuzirudisha kesi zikasikilizwe. Ilisema mambo matatu ambayo kila mtafiti wa afya ya mazingira anapaswa kuyajua. Kwanza, uhusiano wa mtafiti na mshiriki wenyewe unaweza kuzaa wajibu wa kisheria wa kumlinda na kumwonya. Pili, fomu ya ridhaa inaweza kuwa mkataba, na ahadi iliyomo ndani yake inaweza kudaiwa mahakamani. Tatu, mzazi hawezi kumwingiza mtoto kwenye utafiti usio wa tiba wenye hatari yoyote ya kumdhuru. Jambo hili la tatu lilizua taharuki kubwa vyuoni, kwa kuwa maneno hayo yangefunga karibu kila utafiti wa watoto, hata wa kuchukua tone la damu. Oktoba mwaka huo mahakama ilifafanua kwamba ilikusudia hatari inayoweza kutajwa, iliyo zaidi ya ile ndogo isiyoepukika katika shughuli yenyewe.

Hukumu pia iliufananisha utafiti huu na ule wa Tuskegee, Alabama, ambako kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe. Hapo naona mahakama ilivuka mpaka. Kule tiba ilikuwapo ikazuiwa kwa makusudi, na watu wakadanganywa. Baltimore nyumba zilitengenezwa, damu ilipimwa, na majibu ya damu yalipelekwa. Kuviweka visa viwili kapu moja kunamfanya mtafiti wa leo aseme "mimi si kama wale", afunge hukumu, na asiangalie ratiba yake ya kurudisha majibu.

Matokeo ya utafiti wenyewe

Kisayansi, utafiti ulifanikiwa. Katika viwango vyote vitatu vya matengenezo vumbi la risasi lilipungua na kubaki chini ya lilivyokuwa mwanzo, na nyumba zilizofanyiwa kazi kubwa zaidi ndizo zilizopungua zaidi. Maryland ilipitisha sheria mwaka 1994, iliyoanza kutumika mwaka 1996, inayowalazimisha wenye nyumba za kupangisha za zamani kufanya kazi za kupunguza hatari ya risasi. Idadi ya watoto wa Baltimore wenye sumu hiyo imeshuka mno tangu miaka ile. Mbinu za kukwangua kwa maji, kulainisha sakafu na kushughulikia madirisha kwanza sasa ni kawaida ya fundi anayeijua kazi yake.

Uchambuzi

Watetezi wa utafiti wana hoja moja nzito: hawa watoto wangekaa wapi? Kama utafiti usingekuwapo, wangekuwa kwenye nyumba ile ile au mbaya zaidi, bila mtu wa kuwapima damu. Kwa Familia A hoja hiyo ina nguvu. Walikuwa wakiishi hapo miaka mitatu kabla mtafiti hajabisha hodi. Kwa familia iliyohamia kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehimizwa kuijaza watoto, hoja inalegea. Hapo utafiti wenyewe umeshiriki kuamua mtoto alale wapi. Mhakiki wa mpango wa utafiti angepaswa kuzitenganisha familia za aina hizi mbili na kudai ulinzi mkubwa zaidi kwa ile ya pili, hata ikibidi kuwapokea wapya kwenye nyumba za kiwango cha juu tu.

Hata kwa Familia A, hoja ya "wangekaa wapi" haijibu swali la Desemba. Mama hakuhitaji nyumba nyingine ili afanye kitu mwezi wa Aprili. Alihitaji kuambiwa ni dirisha lipi. Kufuta kingo kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kusogeza kitanda, kufunga dirisha moja lisifunguliwe, kumwosha mtoto mikono kabla ya kula na kulala, kumsumbua mwenye nyumba akiwa na karatasi mkononi: haya yote mama maskini anaweza kuyaanza jioni ile ile. Huenda damu ingepanda hata hivyo. Lakini angekuwa amepewa nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa imeahidiwa kwenye fomu aliyotia saini.

Tazama tena Septemba. Mtoto mwenye 32 alikuwa kwenye kundi ambalo CDC ilishauri nyumba yake ikaguliwe kutafuta chanzo. Nyumba ilikwisha kukaguliwa. Majibu ya kwamba chanzo kipo yalikuwa mikononi mwa watu wale wale waliopima damu. Kwenye mradi mmoja kulikuwa na majalada mawili, la damu na la vumbi, na hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ni kuyasoma yote mawili kwa jina la mtoto mmoja. Nimeona mpangilio huo mara nyingi: maabara ya mazingira upande huu, kliniki upande ule, na mchambuzi wa takwimu anayekutanisha data mwishoni, majina yakiwa yamekwisha kuondolewa. Kuondoa majina ni kwa ajili ya kulinda siri za washiriki, na ni sahihi. Ila lazima abaki mtu mmoja mwenye ufunguo wa majina na mwenye wajibu wa kuutumia.

Kilichofanya kazi vizuri kinatufundisha hapo hapo. Majibu ya damu yalirudi mapema kwa sababu damu ya mtoto inaonekana kama jambo la kitabibu, na tabibu amezoea kwamba jibu lina mwenyewe. Vumbi lilionekana kama data. Kumbe kwa mtoto anayetambaa vumbi ndilo linalotangulia na damu hufuata. Onyo la mapema lilikuwa kwenye jalada la polepole.

Kuhusu barua yenyewe pia kuna la kusema. Kumwambia mama kwamba nyumba yake ina sehemu zenye risasi "nyingi kuliko inavyoweza kukutwa kwenye nyumba iliyokarabatiwa kikamilifu" ni kumpa sentensi ya ripoti. Ni nyingi kiasi gani? Ziko wapi? Afanye nini? Barua ya namna hii ingepaswa kusomeka hivi: "Mama, tumekuta risasi nyingi kwenye vumbi la dirisha la sebuleni na la ngazi. Vumbi hili likiingia mdomoni linamdhuru mtoto. Leo, usimwache acheze hapo. Lifute kila siku kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usilifagie. Mtu wetu atakuja Jumatano kuangalia pamoja nawe. Tumempelekea mwenye nyumba barua hii pia." Ikisomwa kwa sauti na mtu anayemjua, itaeleweka hata na asiyesoma.

Mwaka 2005 jopo la wataalamu la akademia za kitaifa za sayansi za Marekani lilitoa ripoti nzima kuhusu maadili ya utafiti wa hatari za majumbani unaohusisha watoto. Miongoni mwa mambo iliyoyasisitiza ni kuwashirikisha wakaaji wa mtaa tangu kupanga utafiti, na mtafiti kuamua kabla ya kuanza atafanya nini akikuta hatari ndani ya nyumba. Naafiki kabisa, ila "kuamua kabla" kunahitaji kuandikwa kwa namba, vinginevyo kunabaki nia njema. Ninapopitia mpango wa mtu natafuta kwanza kiwango cha vumbi, maji au udongo kitakachoamsha hatua, hata kama hakuna kiwango cha taifa. Mtafiti achague chake na akitetee. Natafuta siku: sampuli ya nyumba yenye mtoto chini ya miaka mitatu iwe imepimwa na jibu limefika ndani ya siku ngapi? Kama maabara haiwezi, basi sampuli chache zinazotangulia zipimwe haraka, na nyingine zisubiri zamu. Natafuta jina la cheo, daktari au muuguzi asiye na maslahi kwenye matokeo, anayeona damu na vumbi kwa pamoja. Na natafuta fungu kwenye bajeti. Mradi unaopima risasi kwenye nyumba za watu bila senti ya kutengeneza dirisha moja utakapoikuta umejipangia kuwa mtazamaji.

Kamati nazo zina sehemu yao. Swali ambalo kamati ya Baltimore ilijiuliza lilikuwa jinsi ya kuonyesha faida. Swali lililopaswa kuulizwa ni: majibu ya nyumba yakichelewa, nani anaumia kwanza? Ukiliuliza hivyo, ratiba ya maabara inakuwa suala la maadili, na kamati inapata haki ya kuidai kabla ya kupitisha.

Kesi za mradi huu hazikuishia mwaka 2001. Mwaka 2018 mahakama ile ile ya juu ya Maryland iliamua dai la mtu aliyekuwa mtoto katika moja ya nyumba hizo bila kuandikishwa kamwe kwenye utafiti, kwa sababu umri wake ulikuwa umezidi. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mshiriki, na damu ya mdogo wake ndiyo iliyopangwa kupimwa. Mahakama ilisema watafiti walikuwa na wajibu kwake pia: walijua anaishi humo, na risasi waliyoipima ilikuwa kwenye vumbi la wote wawili. Tangu nilipousoma uamuzi huo, dodoso la nyumba ninalolipitia lazima liwe na safu ya kila mtoto anayelala ndani, awe mshiriki au asiwe, pamoja na jina la atakayepelekewa majibu kwa niaba yake.